Kabla Hujasema Umekisoma

Ukialikwa kwenye kikao cha wasomaji, usikubali haraka kwa sababu tu umeambiwa kutakuwa na kahawa na kachori. Kahawa ipo na kachori zipo, ila si hizo zilizowaita watu. Watu wazima wenye kazi na familia zao wanaacha shughuli za Jumamosi, wanapanga viti vya plastiki chini ya mwembe wa mtu huko Sinza au Kijitonyama, kisha wanaulizana swali linaloonekana halina neno: "Kitabu umekionaje?" Wapo waliolijibu bila kujihami, na mwezi uliofuata hawakuonekana tena. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wale ambao bado hawajaingia, na kwa wachache waliokwisha kuingia lakini wanaona haya kutoka.

Anza na itifaki. Kikao kilichotangazwa saa kumi kitaanza saa kumi na moja na nusu, na sehemu yake ya mwanzo si ya kitabu. Kuna kujitambulisha, kuna salamu za mwenyekiti, kuna katibu kukumbusha ada, na kuna mjumbe atakayesimama kusema itifaki imezingatiwa ilhali waliopo ni watu kumi na mmoja na mtoto wa mwenye nyumba. Tumia muda huo vizuri. Fungua kitabu katikati, soma kurasa mbili, shika jina la mhusika mmoja ambaye si mkuu. Jina la mhusika mkuu kila mtu analo, maana limeandikwa nyuma ya jalada. Ukimtaja mtu anayepita mara mbili tu ndani ya kitabu kizima, utaheshimiwa hadi magharibi.

Usiogope kuulizwa kama umesoma. Hakuna atakayekuuliza, kwa sababu kila anayefikiria kuuliza anajua swali hilo litarudi kwake.

Ili uelewe kwa nini watu hawa wanasema wanayoyasema, kumbuka tulikofundishwa kusema juu ya vitabu. Hatukufundishwa barazani, wala kitandani kwa mwanga wa koroboi. Tulifundishwa ndani ya chumba cha mtihani. Karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne ilikuwa na orodha ya vitabu teule: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu na wenzao. Swali lilitutaka tuchague viwili na kutoa hoja tatu kwa kila kitabu. Si mbili, hata kama mwandishi mwenyewe alikuwa na mbili. Si nne, hata kama ya nne ndiyo iliyokunyima usingizi. Tatu.

Miaka ishirini baadaye, meneja wa benki, daktari wa meno na mwanasheria wanakutana chini ya mwembe, na kila mmoja akipewa nafasi ya kuchangia anafungua kwa kwanza, anapita kwa pili, anatua kwa tatu. Kwanza, mwandishi amezungumzia umaskini. Pili, ameonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii. Tatu, ameugusa uongozi mbaya. Hizo tatu zikariri kabla hujatoka nyumbani. Sijaona bado riwaya ya Afrika Mashariki iliyozikataa. Ukihisi kikao kina wasomi, ongeza mgongano wa ukale na usasa. Useme taratibu, huku ukiwatazama juu ya miwani.

Mtihani huohuo ulitupa jingine, nalo ndilo baya zaidi: kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kijana wa miaka kumi na saba, ambaye hajawahi kumaliza barua ya kuomba kazi bila kufuta, anaambiwa aeleze Shaaban Robert ameshindwa wapi. Na anaeleza. Anapewa alama. Usishangae basi mtu huyohuyo, sasa ana kitambi na gari, akisema mbele ya watu kwamba mwandishi "amejitahidi". Neno hilo linatoka kinywani mwake bila aibu, kwa sababu kichwani mwake bado ameshika kalamu nyekundu.

Ukimkuta Mkenya kikaoni, jua yeye ana ugonjwa wa aina nyingine. Amelelewa na ile karatasi ya tatu ya fasihi, ambako anapewa dondoo na kutakiwa aeleze muktadha wake. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini, alama nne. Mtu aliyesomea Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kwa njia hiyo hawezi kusikia sentensi hata ya kondakta wa daladala bila kuitafutia msemaji na msemewa. Anachosha, sikatai. Ila kati ya magonjwa haya mawili mimi nauchagua wake, maana angalau unampeleka mgonjwa kwenye sentensi. Wetu unampeleka kwenye jamii, na jamii ni kubwa, mtu anaweza kupotelea humo jioni nzima bila kukutana na kitabu.

Sasa twende kwenye vitabu vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kina shimo lake.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kinaonekana chepesi kwa sababu kila mtu ana la kusema. Hapo ndipo penye hatari. Kilipotoka mwaka 1971 kilizua kelele, na kwa muda kilizuiwa kutumika mashuleni, jambo ambalo kwa vijana wa wakati ule lilikuwa tangazo zuri kuliko lolote ambalo mchapishaji angeweza kulilipia. Kisa kinaanzia Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Kuna baba, Zakaria, mkali asiyetaka binti yake asogelewe na mvulana, naye anampiga kwa sababu ya barua. Binti anakwenda shule mbali na jicho la baba, na yaliyozuiwa yote yanamwagika kwa mpigo mmoja.

Ukianza tu kukizungumzia, nusu ya wanaume kikaoni watageuka kina Zakaria. Watasema kitabu hakifai kwa watoto. Watasema mmomonyoko wa maadili. Mmoja atasema mabinti wa siku hizi, ingawa Rosa angekuwa hai leo angekuwa bibi wa watu. Usibishane nao. Ngoja mama mmoja, ambaye tangu mwanzo alikuwa anapepea uso kwa kanga, aulize: "Na Regina? Regina alikuwa wapi siku zote hizo?" Regina ni mama yake Rosa. Swali hilo likitoka, utasikia vikombe vikitua mezani, kwa sababu kulijibu kunahitaji mtu awe amesoma, na hoja tatu za mfukoni haziligusi. Regina yumo ndani ya nyumba ileile, chini ya mkono uleule.

Kama huna nakala, kaitafute kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza pembezoni mwa barabara za katikati ya jiji, na ukiipata, itazame vizuri kabla hujaisoma. Jalada limeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa bluu wa maktaba ya shule fulani, kwa hiyo usiulize imefikaje hapo. Pembeni mwa maandishi kuna penseli ya mwanafunzi: tashbiha, takriri, tashihisi, kila tamathali imekamatwa na kuandikiwa jina lake. Pale baba anapompiga binti, mstari umepigwa chini mara mbili kwa nguvu hadi karatasi imetoboka, na pembeni limeandikwa neno moja: malezi.

Nimetazama sana tundu lile. Mtoto aliyetoboa karatasi alikuwa na jambo. Lakini "nimeumia" haina alama, "malezi" inazo, na hivyo ndivyo alivyoiandika. Wengi wanaochangia kwenye vikao vyetu ni mtoto yule aliyekua.

Shaaban Robert ana shimo tofauti, la kusifiwa na kila mtu. Alifariki mwaka 1962, na tangu hapo amekuwa mtu wa kuheshimiwa kuliko wa kusomwa. Mjumbe atakuambia lugha yake ni tamu, ni gwiji, ni baba wa Kiswahili, na yote hayo yanaweza kusemwa na mtu ambaye mara ya mwisho alimwona kwenye ubao wa jina la barabara. Ukitaka kumpima bila kumwaibisha, muulize kwa upole: "Hivi ile nchi ya Kusadikika iko wapi?" Atakayesema Tanganyika ya wakoloni amesoma mwongozo wa mtihani. Atakayesema ni nchi ya kufikirika amechanganya na kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo. Atakayecheka na kunyoosha kidole juu amesoma, kwa sababu Kusadikika iko angani, haina hata kipande cha ardhi, na ndani ya nchi hiyo isiyo na ardhi Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Kilichapishwa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ikiwepo. Mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali aliinua nchi nzima hadi hewani ili aweze kuisema. Ukilijua hilo, neno "gwiji" linakuwa dogo.

Juu ya Nagona usiseme chochote. Kezilahabi alikitoa mwaka 1990, kitabu chembamba ambacho mtu anakichagua kwa kutegemea kukimaliza kwenye daladala kati ya Mbezi na Posta, na anashuka Posta akiwa hajui alipopandia. Kwenye kikao cha Nagona utaona jambo la nadra: watu wanaogopana. Kila mmoja anahisi mwenzake ameelewa. Mwenye shahada ya uzamili ataanza na falsafa, atapitia udhanaishi, atataja Wajerumani wawili, na hakuna atakayemzuia kwa sababu hakuna anayejua pa kumzuia. Wewe tikisa kichwa tu. Baada ya dakika chache atatokea mtu mkweli, kwa kawaida kijana, atasema: "Mimi sijaelewa, lakini nimekirudia." Mfuate huyo mkitoka nje. Kuna zaidi kwenye kukirudia kuliko kwenye Wajerumani wote wawili.

Ushairi tutaupita mbio. Kezilahabi tena, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974, aliandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko haujaisha mpaka leo hii. Ukisikia mtu mzima anahesabu silabi kwa vidole, omba ruhusa ya kwenda kujibu simu.

Peponi nacho kina mtego wake, ambao hauko ndani ya kitabu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaishi Uingereza na kuandika kwa Kiingereza. Oktoba 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku ile ndugu zake waliongezeka sana. Riwaya yake hii, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Maana yake ni kwamba ilichukua miaka ishirini na minane kufika kwenye lugha ya watu wanaozungumzwa ndani yake, na katika miaka hiyo sikumbuki mtu yeyote akilalamika.

Kikao cha Peponi hugeuka ofisi ya uhamiaji ndani ya dakika kumi. Ni Mtanzania au si Mtanzania? Ana pasi gani? Kwa nini hakuandika kwa Kiswahili? Uraia pacha umefikia wapi bungeni? Hapo mjumbe ambaye hajui hata jina la Yusuf atatoa mchango mrefu na wa kusisimua, na atapigiwa makofi. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayedhani anakwenda matembezi na mfanyabiashara anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ukitaka kukirudisha kikao kwenye kitabu, sema hivyo tu: "Jamani, mtoto amewekwa rehani." Ukibahatika watakusikia. Usipobahatika utaulizwa wewe mwenyewe ni mwenyeji wa wapi.

Halafu kuna walioitazama. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akatengeneza filamu kutokana nayo, filamu nzuri iliyozunguka duniani. Tangu hapo mapenzi ya Yasmin na Denge yamepata wafuasi ambao hawajafungua hata ukurasa. Hawa ni rahisi kuwatambua. Watasifu rangi. Watasifu mwanga wa asubuhi, mavazi, muziki. Mtu akisifu rangi za riwaya, usimkatize, mwache amalize, kisha mwazime kitabu. Kama ni mtu wa heri atakisoma. Kama si wa heri utakuwa umepoteza kitabu, jambo ambalo nitalifikia.

Pembeni ya kikao, karibu na birika la kahawa, kuna mjomba asiyesema. Ukimuuliza anasoma nini atajikunja kidogo na kujibu, "Aa, mimi vile vya Musiba tu, baba." Hapo usiende mbali. Wasomi wameligawa shamba: upande huu riwaya dhati, upande ule riwaya pendwa, na mjomba anajua yuko upande wa wasioitwa mbele. Lakini muulize kuhusu Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba. Atakueleza Kufa na Kupona kwa mpangilio, kuanzia simu ilipolia, nani alimfuata nani, nani alikuwa anadanganya, na alijuaje kwamba anadanganya. Atakutajia vitabu vya Ben Mtobwa alivyosoma mpaka alfajiri akaenda kazini na macho mekundu. Atakuambia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anawazidi wote, kwa sababu hana bastola, ana kiko na akili. Hana hoja tatu. Ana kitabu kizima kichwani. Tahadhari moja tu ukiwa naye: kama hujasoma Mzimu wa Watu wa Kale, ziba masikio mapema, maana atakutajia muuaji kwa ukarimu uleule anaokumiminia kahawa.

Siku ngumu kuliko zote ni ile ambayo mwandishi mwenyewe amealikwa. Anakaa kiti cha mbele, ana chupa ya maji, ameweka nakala zake mezani zikiwa zimepangwa vizuri. Kikao kinachowararua waliokufa kinakuwa na heshima ghafla. "Kwanza nikupongeze sana, mwandishi." "Kazi kubwa umefanya." "Nimejifunza mengi." Mwenyekiti anaomba watu wawe huru, wakosoe, tunajenga. Kimya. Kisha mmoja anajitolea: "Labda niseme tu, kuna makosa madogo madogo ya uchapaji." Wote wanaunga mkono. Ndiyo, makosa madogo madogo ya uchapaji. Mwandishi anaandika kwenye daftari lake, uchapaji, huku akijua vema kwamba sura yake ya tisa imelala usingizi.

Yasiyosemwa mbele yake yatasemwa kwenye maegesho ya magari. Huko ndiko kulikofanyika uhakiki wa maana wa fasihi yetu, na hakuna katibu aliyeuandika. Mwanamke akimwambia rafiki yake kwa sauti ya chini, "Yule mume haongei vile, hakuna mume anaongea vile," amesema jambo ambalo mwandishi angelilipia. Lakini mwandishi yuko ndani bado, amezungukwa na watu wanaomuuliza nakala yangu iko wapi. Wanataka ya bure, yenye sahihi, na jina la mtoto liandikwe pia. Kama wewe ni mgeni na umelipia nakala yako kwa pesa taslimu, utamwona mwandishi anakutazama kwa namna ambayo hata mkewe hajawahi kutazamwa.

Sasa nikuonyeshe mtu wa kumwogopa. Si yule wa shahada ya uzamili. Ni mzee mstaafu, mara nyingi ameletwa na binti yake kwa sababu asingependa kumwacha peke yake nyumbani. Mmempa shikamoo, ameitikia marahaba, amekaa. Kitabu cha siku ni Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mazungumzo yamekwenda vizuri: matabaka yametajwa, ubepari umelaaniwa, mtu amemtaja Marx na kukosea mwaka wake wa kuzaliwa, mwanasheria ametua kwenye tatu. Mwenyekiti anaangalia saa. Muda hauturuhusu.

Mzee anainua mkono. Alifanya kazi bandarini Dar es Salaam ujana wake wote. Amekisoma kitabu pole pole, kidole chini ya mstari, na karatasi za tiketi za basi zimejaa humo kama alama. Anageuza bega la kulia kuwaonyesha pale gunia linapokaa, si juu ya bega kama mnavyodhani, nyuma kidogo, shingo iinamishwe, la sivyo jioni hugeuki. Kisha anauliza, bila ubaya: "Hawa watu siku za mgomo walikuwa wanakula nini? Kibarua analipwa kwa siku. Siku asiyofanya kazi, hali. Mwandishi ameliandika hilo wapi?"

Kimya cha swali hili si kile cha Nagona. Watu wanatazamana, halafu, kwa mara ya kwanza tangu saa kumi na moja na nusu, unasikia kurasa zikifunguliwa. Daktari wa meno anatafuta. Meneja wa benki anatafuta kwa kidole kilicholoweshwa mate. Mkenya ameshafika kwenye sura, ana msemaji na msemewa. Dakika ishirini zinapita na kachori zinapoa, watu wanasomeana vifungu, wanabishana kama kipande hiki ni kabla ya mgomo au baada, na hakuna aliyesema jamii hata mara moja.

Ndiyo maana nakuonya. Kama umekwenda kikaoni kwa hoja tatu, swali la "wapi" litakuumbua, na haliulizwi na wasomi bali na watu waliosoma kwa sababu walitaka kujua. Maoni kila mtu anayo, hata asiyesoma, pengine asiyesoma ndiye mwenye mengi. Mahali ndipo pagumu. Anayesema kitabu kinachosha na akakuonyesha ukurasa alipochoka amekupa kitu cha kushika mkononi. Anayesema ni kitabu kizuri sana, kina mafunzo mengi, amekusalimia tu.

La mwisho ni kuazima. Utaombwa kitabu chako kwenye kila kikao, na atakayekuomba atakuwa mtu mzuri, mwenye uso wa kuaminika, atakayekuambia wiki mbili tu. Ukimuuliza baada ya miezi mitatu atasema anamalizia. Ukimuuliza baada ya mwaka atasema kiko kwa shemeji yake, naye shemeji anamalizia. Ukikuta siku moja kitabu chenye jina lako kinauzwa mtumba barabarani, kinunue usiseme neno. Na wanaosambaza vitabu vizima kwa simu, kila ukurasa umepigwa picha ukiwa umepinda, waambie bila kuona haya kwamba mwandishi anakula jasho la kitabu kile. Wapo watakaocheka. Waambie tena.

Mwezi ujao tunasoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Kisome chote, hata kama utafikia katikati ukaona umeshaelewa. Ukifika mahali penye kukuuma, usipape jina la kimtihani. Kunja ncha ya ukurasa, uje utusomee kifungu chenyewe. Na uje na nakala yako. Yangu siazimishi.